SOMO: Dimbwi la msimu porini kwenye shamba lako, usilichimbe lisikauke

Wakuu habari zenu. Jirani yangu huku Pwani kaleta kijiko, kachimba dimbwi lake la porini liende chini ili maji yakae mwaka mzima, na naona wengi mna mpango huo huo. Sasa ngoja niseme: kule kukauka ndo kunakolipatia dimbwi viumbe ambao huwakuti kwenye bwawa la kudumu.

Hatua ya 1. Litafute kiangazi. Pita porini uangalie pahala pamebonyea, udongo mweusi wa mfinyanzi umepasukapasuka na majani makavu yamejaa. Chomeka vijiti pembeni kama alama, alafu rudi masika.

Hatua ya 2. Maji yakishajaa chota na kipande cha chandarua. Ukikuta visamaki madume yana rangi kali, nyekundu na bluu, na majike yamepauka kama tope, hao kitaalamu ni Nothobranchius. Wanakua fasta, wanataga kwenye matope, dimbwi likikauka wote wanakufa ila mayai yanabaki hai humo ardhini mpaka mvua nyingine, ndo maana watu wanadhani wameshuka na mvua. Yupo aina ya guentheri, kwao ni Unguja tu duniani kote. Pia angalia juu, kwenye matawi yaliyoinamia maji kuna mapovu meupe, sisi utotoni tulidhani ni mate ya nyoka tukawa tunayapiga mawe, kumbe ni kiota cha chura wa mtini, viluwiluwi wakiwa tayari wanadondoka wenyewe majini.

Hatua ya 3. Miti ya kuzunguka iache. Majani yakidondoka na kuoza ndo chakula cha vijidudu, na chura wengi wanakuja majini kutaga tu, siku zingine wapo porini huko, kwahiyo ukibakiza maji ukafyeka pori hujatunza kitu.

Hatua ya 4. Bomba la kupulizia dawa usilioshee hapo, na mfereji wa maji ya shambani usiuelekeze huko.

Hatua ya 5. Kama ni ardhi ya kijiji mwone mtendaji, liingizwe kwenye mpango wa matumizi bora ya ardhi kabla hamjagawana viwanja.

MASWALI

Swali: Mkuu na mbu je? Mke wangu anataka tulifukie.
Jibu: Mbu watakuwepo, sikudanganyi. Ila visamaki hao na watoto wa kereng'ende wanakula sana viluwiluwi vya mbu, wakati kwenye tairi bovu na makopo nyuma ya nyumba hakuna wa kuwala. Anza na hayo, na chandarua mlale nacho.

Swali: Naweza kupandikiza kambare nikavuna kabla halijakauka?
Jibu: Hapana aise. Kambare atakula mayai, viluwiluwi, visamaki, vyote.

Swali: Shikamoo mwalimu. Sasa ng'ombe wangu wanywe wapi kiangazi?
Jibu: Marahaba mwanangu. Lambo chimba pembeni, mbali na hapo, tena sio kwenye njia inayopeleka maji dimbwini. Masika waache wanywe upande mmoja tu, upande wenye matawi ya mapovu weka miiba.

Swali: Langu lilichimbwa mwaka jana, linarudi?
Jibu: Ule udongo mweusi uliotolewa bado upo? Kama umerundikwa pembeni urudishe kiangazi hiki kabla ya vuli, maana huenda mayai bado yapo humo. Kama walishaupeleka kwenye tofali, hapo sina jibu zuri.