Namna ya Kuandika Tafakuri ya Darasa la Utamaduni wa Kijerumani

Tafakuri yangu ya kwanza katika darasa la utamaduni wa Kijerumani ilifunguliwa na sentensi isemayo kwamba Wajerumani ni watu wanaopenda utaratibu. Mwalimu aliirudisha ikiwa na maneno matatu kwenye pambizo: "Wepi? Wapi? Lini?" Niliyatazama maswali hayo jioni nzima, nikatambua kwamba sikuwa na jibu hata moja, kwa sababu sentensi ile ningeweza kuiandika kabla ya kuingia darasani. Maelezo haya ni kwa mwanafunzi anayeanza somo hilo na anayetakiwa kuwasilisha tafakuri yake kila wiki.

Kabla ya kipindi cha kwanza, andika mistari mitano au sita kuhusu yale unayoamini tayari juu ya Ujerumani, kisha usiifute hata kama baadaye itakutia haya. Hiyo ndiyo itakayokuonyesha umetoka wapi.

Kisha chagua kitu kimoja, tena kiwe kidogo. Mimi nilichagua chupa tupu. Nchini Ujerumani, anayenunua maji katika chupa ya plastiki ya kutumika mara moja hulipa amana ya senti 25 za yuro, inayoitwa Pfand, ambayo hurudishiwa akiirejesha chupa hiyo. Chupa ya bia ya kioo inayooshwa na kujazwa tena kwa kawaida ina amana ya senti 8 tu. Amana ya lazima kwa chupa na makopo ya kutumika mara moja ilianza mwaka 2003. Eleza kwanza kinachotendeka, hatua kwa hatua: chupa inaingizwa kwenye tundu la mashine dukani, inazungushwa hadi alama yake isomwe, inamezwa, na mwishoni mashine inatoa risiti ambayo mteja humkabidhi mtu wa kaunta ya malipo. Ukieleza kwa subira namna hii, utaona jambo ambalo sentensi ya jumla ingelificha. Katika miji mingi watu huziacha chupa tupu kando ya pipa la taka badala ya kuzitupa ndani, ili wanaozikusanya kwa ajili ya amana wasilazimike kutia mikono kwenye uchafu. Kitu kile kile kilichoanza kama habari ya mazingira kinageuka kuwa habari ya umaskini, na hapo ndipo tafakuri inapoanza kuwa na uzito.

Hatua inayofuata ni kutafuta chanzo, nami naiona kuwa muhimu kuliko zote, kwa sababu desturi isiyoelezwa chanzo chake huonekana kama tabia ya kuzaliwa nayo. Maduka mengi ya Ujerumani hufungwa Jumapili. Ni rahisi kuandika kwamba watu wa huko wanapenda kupumzika, lakini ukifuatilia utakuta kwamba Katiba ya mwaka 1949, katika kifungu cha 140, ilirithi kutoka katiba ya zamani ya nchi hiyo, ile ya Weimar ya mwaka 1919, maneno yanayoilinda Jumapili kuwa siku ya mapumziko. Utakuta pia kwamba saa za kufunga siku za kazi hutofautiana kati ya majimbo 16 ya nchi hiyo: Bavaria maduka kwa kawaida hufungwa saa 2 usiku, ilhali Berlin sheria inaruhusu yafunguliwe hata usiku kucha. Tofauti kama hizo ziandike daima, maana ndizo zinazokulinda dhidi ya kuandika "Wajerumani wote".

Tarehe nazo zisomwe kwa makini. Tulipofundishwa kwamba sikukuu ya taifa ni Oktoba 3, siku Ujerumani Mashariki na Ujerumani Magharibi zilipoungana mwaka 1990, nilijiuliza kwa nini isiwe Novemba 9, siku Ukuta wa Berlin ulipofunguliwa mwaka 1989. Nilipoitafuta tarehe hiyo katika miaka mingine nilinyamaza. Novemba 9, 1918 ilitangazwa jamhuri; mwaka 1923 jaribio la Hitler la kutwaa madaraka lilizimwa mjini München; na mwaka 1938 masinagogi yalichomwa moto na Wayahudi wakashambuliwa kote nchini. Siku yenye kumbukumbu kama hizo haiwezi kuwa ya shangwe tupu. Ukipata jambo la namna hii usiliharakishe. Tazama, kwa mfano, yale mawe ya msanii Gunter Demnig yaliyopachikwa njiani mbele ya nyumba za waliofukuzwa na kuuawa na Wanazi: kibati cha shaba nyeupe chenye upana wa sentimita 10 tu, kilichochongwa maneno "hapa aliishi", jina, na mwaka wa kuzaliwa. Ili ukisome ni lazima uiname.

Kuhusu lugha, neno la Kijerumani lisilo na mwenzake liache lilivyo, ulieleze mara moja, na usijaze ukurasa kwa maneno ya kigeni. Yapo ambayo tunayo tayari, kwani "shule" na "hela" yalitufikia kutoka lugha hiyo hiyo.

Ukimaliza, acha andiko lilale usiku mmoja, kisha ulisome na kufuta kila sentensi ambayo ungeweza kuiandika bila kuhudhuria darasa. Swali usilolipatia jibu libakize mwishoni. Langu lilikuwa hili: anayeiacha chupa kando ya pipa anamheshimu mwenzake, au amezoea tu kumwona akiokota? Safari hiyo mwalimu hakuandika kitu kwenye pambizo. Alilileta swali darasani, tukalijadili hadi kipindi kikaisha.