Kabla ya kupanda mlima, acha karatasi nyumbani

Wenzangu wa Mombasa mnaojipanga kwenda kupanda Vuria kule Taita, au Mlima Kenya wenyewe: mwachieni mtu nyumbani karatasi. Iandikwe njia mtakayopita, nambari ya gari, simu ya mwongozaji, na saa. Hiyo saa ndiyo kiini: "Nisipopiga kufikia saa mbili usiku, piga 999 au 112." Kumwambia mama "twaenda milimani, tutarudi Jumapili" hakumsaidii atakayetumwa kuwatafuta.

Halafu baridi. Sisi wa joto la Kongowea huidharau mno. Kila mita 1,000 unazopanda, joto hupungua kama nyuzi 6, na Vuria yapita mita 2,200. Ukungu ukishuka, mwenzio aliye hatua chache mbele humwoni. Sweta na koti la mvua, hata kama Mombasa jua lawaka.

Ukipotea, kaa papo hapo. Usifuate mto ukidhani utakutoa. Mito ya milimani ina maporomoko. Piga filimbi mara tatu, tulia, rudia. Simu ikae mwilini, ndani ya nguo, maana baridi hula betri.