Gumba livae piki, vidole vingine viache vitupu

Ukicharaza gitaa la nyuzi za chuma kwa vidole na besi haisikiki, usikimbilie kuvalisha vidole vyote piki, yaani vile vipande vya plastiki au chuma vinavyovaliwa kidoleni kupigia nyuzi. Vaa ya gumba peke yake. Nimehangaika na seti nzima kwa miezi kabla ya kuligundua hili. Nyuzi nene zinataka kitu kigumu ndipo zitoe sauti nzito inayosimama, lakini nyembamba zikiguswa na chuma hukwaruza masikio. Nyama ya kidole na ukucha kidogo huzilainisha, na unausikia uzi kabla hujaupiga. Piki ya plastiki ikilegea, itumbukize kwenye maji ya moto sekunde chache, ibane kidogo, kisha ipoze kwenye maji baridi. (Usiibane ikiwa baridi, itapasuka.)

Nyuzi za nailoni zina mambo yake: hapo piki hugongagonga tu, kucha zinatosha. Na ukipiga kando ya banjo bila kipaza sauti, vidole vitupu vitamezwa. Hapo vaa piki za chuma kwenye kidole cha shahada na cha kati, ukubali kukosea nyuzi kwa wiki kadhaa.