Kununua Ardhi Mtwara na Lindi kwa Njia ya Mila: Mwongozo kwa Mwekezaji Mdogo

Mtu anayekuja kutafuta shamba la mikorosho Tandahimba au kiwanja cha nyumba ya kupangisha Mikindani kwa kawaida huanza kwa kuuliza bei. Ninamshauri atangulize swali jingine: ardhi hii ni ya ukoo gani kwa upande wa mama? Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wamakua wamerithishana ardhi kwa muda mrefu kupitia tumbo la mama, na katika utaratibu huo mjomba ndiye msemaji wa mali huku wapwa wake, yaani watoto wa dada zake, wakiwa ndio warithi wanaotambuliwa. Leo utaratibu huo unakaa pamoja na mirathi ya Kiislamu, na desturi ya baba kuwagawia watoto wake, na sheria za nchi, kwa hiyo shamba moja linaweza kuwa na watu wa makundi matatu ambao kila mmoja anaamini kwa dhati kwamba ni lake.

Kutokana na hali hiyo, chunguza kwanza anayekuuzia amesimama wapi. Yuko mume aliyeoa na kuhamia ukweni, akalima miaka ishirini katika ardhi ya ukoo wa mkewe, na watu wote wakazoea kuiita shamba la fulani ingawa hana mamlaka ya kuiuza. Yuko mtoto anayeuza shamba la marehemu baba yake ilhali wapwa wa marehemu hawajaitwa katika kikao chochote. Huyu mwombe akuonyeshe barua ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani, na hata akiwa nayo, wasikilize wapwa. Yuko pia mjomba anayeuza peke yake bila dada zake kujua. Huyu wa mwisho ndiye mgumu zaidi kumkataa, kwa sababu ana heshima na anasema kwa sauti ya ukoo mzima, lakini mila yenyewe haikumpa ardhi kama mali yake binafsi. Alikabidhiwa aitunze kwa niaba ya dada zake na watoto wao.

Nenda ukiwa na mwenyeji anayefahamika kijijini, toa shikamoo kwa kila mzee kabla ya kueleza shida yako, na safari ya kwanza usibebe fedha. Omba kiitishwe kikao cha ukoo, na uombe waziwazi kwamba mama na mashangazi wahudhurie na waseme, kwa sababu mara nyingi wao ndio wanaokumbuka nani alifyeka pori lile na nani aliazimwa tu sehemu ya kulima. Kikao kinaweza kuahirishwa mara mbili au tatu. Vumilia, maana kuahirisha ni njia ya wazee ya kuwapa nafasi walio mbali warudi au walete neno lao, na kila asiyesikilizwa leo ni mgogoro wa kesho kutwa.

Kuhusu wakati wa kununua nina msimamo ambao sitaulegeza: usinunue shamba kwa mtu mwenye njaa wakati wa kifuku. Katika miezi hiyo ya mvua akiba ya chakula hupungua, fedha za korosho za msimu uliopita huwa zimekwisha, na ndipo kangomba hushamiri, mkulima akipokea fedha kidogo kwa korosho ambazo bado hazijavunwa. Anayeuza ardhi katika hali hiyo anatafuta unga wa wiki hii, na watoto wake watakapokua watasema, kwa haki, kwamba mama yao alinyang'anywa. Kama shida ni ya kweli na una uwezo, kodi mikorosho yake kwa msimu mmoja kwa bei ya haki, kisha mazungumzo ya ardhi yasubiri baada ya mavuno. Waswahili husema mgeni njoo mwenyeji apone, na mnunuzi wa ardhi ni mgeni kabla ya kuwa jirani.

Mkishakubaliana kwa maneno, lizungukeni shamba kwa miguu pamoja na majirani wa pande zote nne. Hesabuni miti na muiandike, kwa kuwa katika pwani yetu mnazi au mkorosho unaweza kuwa na mwenyewe tofauti na mwenye ardhi, na mtu aliyeupanda kwa ruhusa ana dai lake. Ulizeni yalipo makaburi, mahali palipotumika kwa jando na unyago, mti wa matambiko kama upo, kisima, na njia ya kuvifikia vyote hivyo. Maeneo hayo yaachwe nje ya mauzo au yaandikwe katika mkataba kwamba ukoo utaendelea kuyaingia bila kuomba ruhusa kila mara. Wanunuzi wengine huona sehemu hiyo kuwa hasara. Mimi naiona kuwa ulinzi wa mali yako, kwa sababu familia inayokuja kusafisha makaburi yake kila mwaka haitavumilia moto wala mvamizi katika shamba linaloyazunguka. Pandeni mibono au minyaa mipakani siku hiyohiyo, mbele ya vijana, ili wenye kumbukumbu ndefu wawepo.

Baada ya hapo ndipo karatasi zinapopata maana. Katika ardhi ya kijiji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inataka mauziano yapite katika Halmashauri ya Kijiji, inaipa Hati ya Hakimiliki ya Kimila hadhi sawa na hakimiliki nyingine, na inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki. Kwa nyumba au kiwanja cha mjini chenye hati, fanya upekuzi katika ofisi ya ardhi ya mkoa. Kumbuka pia kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haimruhusu mwanandoa kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake.

Shamba likiwa lako, usikimbilie kufyeka. Mikorosho mipya hupandwa kwa nafasi ya mita 12 kwa 12 na huanza kuzaa kwenye mwaka wa 3 hivi, kwa hiyo miaka ya mwanzo nafasi iliyobaki ipewe mbaazi, kunde au karanga, na ni vyema walimao hapo wawe watu wa ukoo ulioiuza ardhi, wakichukua mazao hayo na wewe ukipata palizi. Miche bora na ushauri wa magonjwa, hasa ubwiri unga, hupatikana katika kituo cha utafiti cha Naliendele. Korosho ziuzwe kupitia chama cha msingi cha ushirika kwa stakabadhi ghalani, yaani mfumo wa kuzikusanya ghalani na kuziuza kwa mnada.

Katika nyanda za juu za Newala na Tandahimba ardhi ni ya kichanga na maji yako mbali chini, basi nyumba yoyote ya kupangisha ijengwe pamoja na mifereji ya paa na tangi la kuvuna maji ya mvua. Pwani, sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, na mikoko haiguswi. Nje ya mipaka hiyo, baraza pana na kuta nene za mtindo wa Mikindani hupunguza joto bila umeme. Anayenunua jumba la zamani la mawe anapaswa kulikarabati kwa chokaa, kwani saruji hufungia unyevu ndani ya ukuta.

Wengi walinunua viwanja Mtwara katika msisimko wa gesi asilia, kabla bomba la kwenda Dar es Salaam halijakamilika mwaka 2015, na baadhi ya viwanja hivyo vimebaki vichaka. Nunua kile unachoweza kukitumia mwaka huu. Na ukizuka ubishi, anza na kikao kilekile cha ukoo, kisha Baraza la Ardhi la Kijiji na usuluhishi wa Baraza la Kata, kabla ya kufika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Muhtasari wa kikao cha ukoo na wa siku ya kulizunguka shamba, wenye majina ya waliokuwepo na idadi ya miti, uwe na nakala tatu: moja kwako, moja kwa mtendaji wa kijiji, na moja kwa dada mkubwa wa mjomba.