Kuseti kabureta ya bodaboda: mafuta na hewa

Kabla ya kushika bisibisi, angalia skrubu ya mchanganyiko imekaa upande gani. Ikiwa upande wa chujio la hewa, inapima hewa: ukiikaza mafuta yanazidi, ukiilegeza yanapungua. Ikiwa upande wa injini, inapima mafuta, na mambo yanageuka. Kabureta za aina zote mbili zipo mitaani, kwa hiyo usifuate ulichoona kwa jirani. Skrubu ile kubwa inayoinua silaidi (kipande kinachopanda na kushuka ndani ya kabureta ukivuta resi) ni ya sailensi tu, yaani mngurumo wa injini bila kuvuta resi.

Chujio liwe safi, plagi safi, valvu zimesetiwa, choki inafunguka yote. Mpira au gasketi kati ya kabureta na injini ikivuja, hutapata sailensi tulivu hata ugeuze skrubu kutwa nzima. Nyunyizia maji ya sabuni hapo injini ikinguruma. Mlio ukibadilika, hewa inapenya.

Washa injini dakika kama kumi ipate moto, kisha zima. Kaza skrubu ya mchanganyiko taratibu hadi iguse mwisho, ukihesabu mizunguko na kuiandika. Usilazimishe: ncha yake ni nyembamba, ikijikita inaharibu tundu. Sasa ifungue mzunguko mmoja na nusu.

Washa, pandisha sailensi kidogo. Geuza skrubu ya mchanganyiko robo mzunguko, subiri sekunde kumi, sikiliza. Mlio utapanda, kisha utaanza kushuka au kukosa mpangilio. Rudi upande wa pili hadi ushuke tena. Acha skrubu katikati ya sehemu hizo mbili, ndipo ushushe sailensi hadi kama mizunguko 1,400 kwa dakika. Kama huna mita, tafuta mngurumo mtulivu usiozima ukiwasha taa. Kata usukani kulia na kushoto: mlio ukipanda, waya wa resi umekaza mno, wala si kabureta.

Vuta resi ghafla. Ikisita kama inataka kuzima, au ukiachia mlio ukachelewa kushuka, mafuta ni machache. Geuza skrubu upande wa kuongeza mafuta, nusu ya robo mzunguko. Moshi mweusi, harufu ya petroli na plagi yenye masizi makavu ni mafuta mengi. Plagi nzuri ina rangi ya kahawia hafifu.

Skrubu ya mafuta ikidai kufunguliwa zaidi ya mizunguko mitatu, mara nyingi jeti ndogo (kipande chenye tundu jembamba la kupitisha mafuta) imeziba. Itoe, ipulize kwa kompresa. Wengi huichokonoa kwa waya wa chuma, na tundu likishapanuka hakuna skrubu itakayolirudisha.

Dereva anayebana skrubu hii ili aokoe petroli anapata kidogo sana, kwa sababu inatawala sailensi na robo ya kwanza ya resi tu. Mwendo wa kati ni wa sindano iliyoshikwa kwenye silaidi kwa klipu: ukishusha klipu yake mfuo mmoja, sindano inapanda na mafuta yanaongezeka. Resi ya mwisho ni ya jeti kubwa.

Pikipiki iliyosetiwa Dar es Salaam ikipelekwa Mbeya, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,700, itachoma mafuta mengi kupita kiasi, kwani huko hewa ni nyepesi. Iseti upya hukohuko. Plagi ikiendelea kuwa nyeusi baada ya mwendo wa resi nyingi, weka jeti kubwa ya namba ndogo zaidi.