Chekechea ya michezo au ya madaftari: namna ya kuchagua

Mzazi wa Kenya anayetafuta chekechea ya mtoto wa miaka 4 hukutana na shule za aina mbili: ile inayofundisha kwa michezo, na ile inayojivunia kusoma, kuhesabu na kazi za nyumbani tangu PP1, yaani mwaka wa kwanza wa chekechea. Kabla ya kulipa karo, omba kukaa darasani asubuhi moja, kwa sababu matangazo ya shule hayaonyeshi lolote la maana.

Ukiwa humo, tazama mikono ya watoto. Mtoto anayefinyanga udongo, anayepanga vizibo vya chupa kwa rangi na kuvihesabu, au anayejaza maji kopo kwa kikombe, anajifunza hisabati na kuimarisha vidole vitakavyoshika penseli baadaye. Anayenakili herufi ubaoni kwa saa nzima anajifunza kunyamaza tu. Mtaala wa umilisi (CBC) wenyewe, unaofuatwa katika shule za Kenya, unapanga vipindi vifupi, vya dakika 30, vyenye nyimbo, hadithi na uchunguzi wa mazingira.

Hata hivyo, usidanganywe na neno “michezo”. Watoto wakiachwa uwanjani huku mwalimu akibonyeza simu, hiyo si mbinu ya kufundishia. Muulize mwalimu mchezo wa leo unalenga nini, na sikiliza kama ana jibu.

Uliza pia idadi ya watoto kwa kila mwalimu, hali ya vyoo, na lugha inayotumika. Shule inayomtahini mtoto wa miaka 4 ili imkubali, mimi ningeipita.