Jinsi ya kuitembelea nyambizi U-995 kule Laboe

Nikipata mgeni kutoka Mombasa hapa Hamburg, madukani simpeleki kwanza. Nampeleka Laboe akaione U-995, nyambizi ya Wajerumani ya Vita vya Pili. Nilikuwa oila, mtu wa kutia mafuta injini, kwenye meli za mizigo, kwa hiyo nina upendeleo wangu. Haya ni maelezo kwa wanaotaka kwenda wenyewe.

Panda treni hadi Kiel, mwendo wa saa moja na kidogo. Basi la Laboe lipo, lakini hali ya hewa ikiwa nzuri, panda feri. Utapita karibu na karakana za meli na gati za manowari. Königsberg, ile manowari iliyojificha delta ya Rufiji mpaka ikamalizwa 1915, ilijengwa hapa Kiel na kushushwa majini 1905. Wewe uliyecheza juu ya mzinga wake pale Fort Jesus ukiwa mtoto, hapa ndipo kwao. Ila majira ya baridi feri huwa chache. Tazama ratiba kabla hujatoka nyumbani.

Ukishuka, fuata ufuko. Mnara wa kumbukumbu una mita 72, huwezi kuukosa, na nyambizi imewekwa juu ya mchanga chini yake. Iliingia kazini 1943, vita vikaisha ikiwa Trondheim. Wanorwe wakaitumia miaka kadhaa kwa jina la Kaura, kisha ikarudi Ujerumani, na tangu 1972 iko hapo. Nyambizi za aina ya VII zilijengwa zaidi ya 700. Iliyobaki nzima ni hii peke yake.

Fika mapema, mlango unapofunguliwa. Ndani ni ujia mmoja tu, watu hufuatana, na darasa la shule likija nyuma yako utasukumwa bila kuona kitu. Mkoba mkubwa usiingie nao. Akina dada, buibui refu litawasumbua, maana kuna milango ya duara: unatanguliza mguu, unainama, ndipo unapitisha kichwa. Mwenye magoti mabovu, au anayeshikwa na hofu mahali pa kubana, na aitazame kwa nje bila aibu.

Unaingia upande wa nyuma, kwenye mota za umeme. Wengi hupita hapo haraka wakitafuta periskopu. Usiwafuate. Mbele yako kuna dizeli mbili, kila moja silinda sita, na njia ya katikati haitoshi watu wawili kupishana. Simama hapo ujiulize hewa ilitoka wapi. Dizeli inakula hewa, kwa hiyo kwa kawaida ilifanya kazi juu ya maji. Chini ya maji chombo kilikwenda kwa betri zilizolazwa chini ya sakafu ya vyumba vya kulala, na kwa mwendo wa noti nne, yaani maili nne za bahari kwa saa, kilifika kama maili 80 za bahari, basi. Baada ya hapo, upende usipende, unapanda juu kuchaji, adui awepo asiwepo. Mimi nilifanya kazi kwenye joto la injini, lakini nilikuwa na ngazi ya kutokea kwenda kupunga upepo.

Jiko ni la kusimama mtu mmoja. Vyoo vilikuwa viwili, na mwanzo wa safari kimoja kilijazwa chakula. Chumba cha amri, chenye magurudumu na geji ukuta mzima, kila mtu hukipiga picha, kwa hiyo sitakieleza.

Mwisho ni chumba cha mbele cha topido, yaani makombora ya chini ya maji: mirija minne ya kuyarushia, na vitanda ambavyo mmoja akiamka kwenda zamu mwenzake analala. Hapo huwaambia wageni wangu habari za meli Khedive Ismail. Ilitoka Mombasa Februari 1944 ikielekea Colombo, imebeba askari wengi wa mizinga wa Afrika Mashariki. Karibu na Maldivi nyambizi ya Kijapani, I-27, ikaipiga topido, ikazama ndani ya dakika chache. Walikufa karibu watu 1,300. Nyumbani hatufundishwi hili shuleni.

Ndiyo maana nasema ukate tiketi ya mnara pia. Lifti ipo. Chini kuna ukumbi wa ukumbusho, na tangu 1954 mahali hapa ni pa mabaharia wa mataifa yote waliofia baharini, hata wetu. Tazama pia rafadha, panga la kusukumia meli, ya manowari Prinz Eugen, ndugu zangu wa injini hawataondoka hapo upesi.

Wakati wa kurudi, feri ikisimama Möltenort unaweza kushuka: kuna mabamba yenye majina ya watu wa nyambizi wa Kijerumani waliokufa. Katika Vita vya Pili peke yake ni kama 30,000, kati ya kama 40,000 waliotumika. Kabla ya kushuka, hakikisha kuna feri nyingine nyuma yako.